Tembo Niliyemzima Sauti

Dada yangu,

Natumaini shemeji ameanza kuukanyagia mguu. Hapa ofisini hatujambo. Tumeletewa feni mpya, sasa karatasi zinaruka kutwa.

Umeniandikia nisijilaumu, mashine ni mashine. Hata ripoti ya bosi inasema kola ya kufuatilia iliyo shingoni mwa yule tembo tunayemwita Bi Harusi iliishiwa betri, ndiyo maana hamkupigiwa simu kabla hajaingia shambani na kumvunja shemeji mguu.

Dada, betri ilikuwa nzima. Setilaiti ilimwona, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu saa tisa alasiri. Ila Bi Harusi huvuka mpaka wa hifadhi kila siku kwenda kunywa maji, na kila akivuka simu inapiga kelele. Wiki ile nilichoka, nikamzima sauti yeye peke yake. Nilipokuja kuitazama simu, alama yake ilikuwa imesimama katikati ya mahindi yenu.

Habari ya betri nilimpa bosi mimi.

Shemeji kanitumia salamu, ananishukuru nilivyomkimbiza hospitali. Barua hii usimsomee wewe, utanipunguzia kosa. Mpe aisome mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako.