Pande Mbili za Pikapu ya Mwalimu

Nyumbani, chumba cha nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Jeki,

Hujambo wewe? Wifi hajambo, na wanangu hao wawili? Na hicho kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya huko kimepona, au bado unakidanganya kwa vidonge vya kumung'unya? Huku mwili hatujambo. Mama miguu inamuuma lakini mdomo mzima, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mimi nimenenepa kidogo, na ukicheka nitajua.

Kila ukiniuliza habari za Baba kwenye simu nasema hajambo, amechoka tu. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa nakuficha, na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Unaikumbuka sheria yake ya breki za nyuma. Hakutufundisha kingine mpaka tuiseme kwa sauti: fungua upande mmoja, wa pili uuache kama ulivyo. Zile springi ni nyingi, na ukisahau ipi inakaa wapi, unazunguka upande wa pili, unatazama, unarudi. Wewe na kichwa chako kigumu ulifungua pande zote mbili, springi ikaruka ikatua kwenye ndoo ya Mama ya kufulia. Wiki nzima ukaisema ile sheria kila jioni kabla ya kula.

Basi Alhamisi mwalimu mstaafu alileta ile pikapu yake kuukuu. Handbreki haishiki, unaivuta mpaka juu na gari linaondoka tu. Baba akasema kazi hiyo ni yake, mimi niende dukani kununua viatu vipya vya breki. Haki ya Mungu nilifurahi. Miezi mitatu alikuwa hajashika spana.

Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni nyuma ya gari. Tairi zote mbili za nyuma ziko chini, dramu zote mbili, yale masufuria ya chuma yanayofunika breki, ziko chini, na vya ndani amevirundika kwenye trei moja, vya kulia na vya kushoto pamoja. Alikuwa ameshika springi moja anaigeuzageuza, na alikuwa akilia. Baba yetu, Jeki. Hata Babu alipozikwa hakulia mbele yetu.

Nilikaa chini nikaanza kufunga, kiatu kifupi mbele, kirefu nyuma, springi za juu, za chini, nikikosea nafungua tena. Ilinichukua mpaka saa kumi.

Nilipomaliza kurudisha dramu, alinyanyuka mwenyewe. Akachukua bisibisi, akaipitisha kwenye kile kitundu cha nyuma, akawa anasukuma yale meno ya kukazia jino moja moja, mkono mwingine unazungusha dramu, kichwa amekiinamisha anasikiliza. Ilipoanza kukwaruza kidogo tu, akaacha. Upande wa pili vilevile, kisha tukarudisha tairi. Mwalimu alipoijaribu kwenye mteremko pale nje, ikasimama palepale. Nikajiambia, basi, Baba yangu karudi.

Akafuta mikono, akanipa mkono kama anavyompa mgeni.

"Asante, fundi," akasema. "Nami nina binti anayefanya kazi hii, tunamwita Bisibisi. Ukimwona, mwambie baba yake anamtafuta."

Nikamjibu nitamwambia. Nilikwenda nyuma ya gereji nikalia mpaka Mama akatoka kuja kuniangalia.

Tangu siku hiyo ananiita fundi. Nikimpa chakula ananishukuru sana, kisha ananiuliza kwetu ni wapi. Mimi niliyebaki nyumbani, miaka kumi na mitano nalala chumba kinachopakana na chake. Lakini wewe ukipiga simu, hujamaliza hata kumwamkia, anasema, "Jeki huyo." Nakwambia ukweli kwa sababu wewe ni damu yangu: nilikuonea wivu.

Sasa wivu sina, nina ombi. Usitume kitu, wala usitume mtu. Njoo mwenyewe, upesi, wakati bado anakujua. Ukifika, mambo ya zawadi yasubiri. Kaa nami kwenye benchi la gereji, bega kwa bega, akutazame wewe kwanza. Upande wangu umeshafunguka, wako ungali kama ulivyo. Labda akikutazama wewe, atakumbuka mimi nakaa wapi.

Mama anakusalimu, anasema ndoo yake bado ina lile kovu lako. Mwalimu naye anakusalimu, handbreki inashika. Mbusu wifi na wanangu. Mungu akusahilishie safari na akutangulie njiani.

Dada yako akupendaye, ambaye bado anaitikia jina hili,

Bisibisi