Volti, Ampea na Mayai ya Dada

Jumatatu, 4 Machi

Sanduku la dada la kutotolea vifaranga limekufa asubuhi. Koili, ule waya wa joto, imeungua kwenye ncha. Dada analia kama yuko msibani, na ana haki. Kideri, ugonjwa wa kuku, kilifagia banda zima, hakikubakiza hata jogoo. Trei moja ya mayai, leo siku ya kumi na mbili sandukuni, basi! Ndiyo mbegu pekee iliyobaki ya kuku wa marehemu mama.

Akaniita mimi. Angemwita nani? Mimi niliyeunga nyaya juu ya nguzo kwenye mvua, meno yangu ndiyo koleo! (Yalikuwa manyunyu. Lakini nguzo ilikuwepo.)

Nikakata palipoungua, nikaunga kilichobaki. Kazi ya kufumba na kufumbua. Joto likaja haraka kuliko zamani. Nikamwambia dada: sasa lina nguvu za dume. Nikaletewa chai, kikombe cha wageni.

Siku hiyohiyo, mchana — chai haijaisha, anaingia mpwa wangu, binti wa dada, yuko likizo kutoka chuo cha ufundi. Hata mzigo hajatua. Akachungulia kipimajoto. Mjomba, unachemsha mayai! Arobaini! Yanataka thelathini na saba na nusu.

Tukafungua kifuniko, tukapepea. Dada hakunitukana. Heri angenitukana.

Mpwa akaniambia: umefupisha waya, ukinzani umepungua, mkondo umeongezeka. Nikabisha. Kitu kikipungua kinapata wapi nguvu? Tena mambo ya ukinzani asinifundishe, mimi nimeoa! Akacheka. Mama yake hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeona jambo.

Mpwa kasema hesabu ni mbili tu. Volti, yaani msukumo, gawanya kwa ampea, yaani mkondo, unapata omu, huo ndio ukinzani. Volti mara ampea, unapata wati, hiyo ndiyo nguvu. Basi! Darasani nilikimbia kabla hawajafika hapo.

Zamani sanduku lilikuwa volti mia mbili arobaini, nusu ampea. Omu mia nne themanini, wati mia na ishirini. Baada ya ufundi wangu, mita ya mpwa ya kupimia umeme inasoma ampea sufuri nukta sita. Omu mia nne. Wati mia na arobaini na nne! Zile ishirini na nne za juu ndizo zilizokuwa zinapika mayai.

Waya mzima wa koili ulikuwa urefu wa mita sita, kila mita omu themanini. Na mimi nilikata — mita moja. Yaani hesabu imenikamata kama polisi.

Tukapata mita moja ya waya uleule kwa fundi pasi wa jirani. Tukaunga. Nikanyoosha mkono kuwasha, mpwa akanizuia. Mjomba, kwanza andika kwenye kiganja mita itasema nini. Nikagawanya mwenyewe. Mia mbili arobaini kwa mia nne themanini. Nikaandika: nusu.

Tukawasha. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukasimama. Nusu.

Nikatazama kiganja, nikatazama mita. Umeme haujapita, hakuna aliyeuona, na mimi nilishajua utakavyopita! Nikazima, nikawasha tena. Nusu. Dada akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepima nyumba nzima. Birika la umeme: ampea nane, omu thelathini, wati elfu moja mia tisa na ishirini! Birika! Nilikuwa nalidharau, kumbe lina nguvu ya masanduku kumi na sita ya dada. Siku hizi nalipisha njia.

Kwa kinyozi nikawaambia hesabu hii nilioteshwa. Kinyozi akasema basi niote na ya nywele, maana kipara kinakuja.

Jumapili, 10 Machi

Mpwa karudi chuoni. Kaniachia mita yake.

Tumemulika mayai kwa tochi. Mengine maji matupu. Dada kayatenga pembeni. Mengine yana mishipa myekundu, na kitu kinacheza ndani. Kinacheza! Kwa wati mia na ishirini.

Jumatano, 13 Machi, jioni

Yai moja limeanza kugongwa kutoka ndani. Na kipimajoto kinashuka. Thelathini na sita. Nimekagua koili, nzima. Nimepima umeme — volti mia mbili tu! Mtaa wote unapika kwa umeme saa hizi. Mpwa hapokei simu.

Dada: kaka, fanya kitu!

Nimekaa chini na kalamu. Mia mbili kwa mia nne themanini, sufuri nukta nne mbili. Mara mia mbili: wati themanini na nne. Pungufu thelathini na sita.

Dada kaleta balbu ya sebuleni. Imeandikwa wati sitini, nayo hutoa joto. Nusura niichomeke, nikajishika. Hiyo sitini ni kwa volti mia mbili arobaini, leo hazipo! Sitini kwa mia mbili arobaini, robo ampea. Mia mbili arobaini kwa robo, omu mia tisa sitini. Mia mbili kwa hizo, sufuri nukta mbili moja. Mara mia mbili — arobaini na mbili. Na themanini na nne, mia na ishirini na sita. Imezidi sita tu! Joto likipita kiasi nitafungua tundu.

Balbu nimeshaiweka sandukuni, nimeitengea waya wake. Dada ameshika swichi. Kaka, una uhakika?

Siku zote ningemjibu kwamba nilizaliwa na uhakika mkononi.

Nimemwambia: ngoja nirudie.

Thelathini na tano. Kule ndani kunagongwa, kunanyamaza, kunagongwa. Sitini kwa mia mbili arobaini, robo. Sawa. Mia mbili arobaini kwa robo, mia tisa sitini. Sawa. Mia mbili kwa mia tisa sitini, sufuri nukta mbili moja. Sawa. Dada, washa!