Daftari la Asheri

Mabawa, Tanga
Jumanne

Mwanangu Ritha,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliiitikia kwa sauti ndogo. Leo naileta marahaba yangu kwa kalamu. Natumaini wewe, mumeo na watoto mnaendelea vizuri. Mimi nahema bado. Daktari anasema moyo umechoka, na maji yamejaa miguuni. Mke wangu Praxeda ananigeuza kitandani kama chapati, kisha ananitania kwamba upande mmoja naelekea kuungua. Mwandiko ukiyumba, nivumilie.

Umenieleza kwamba Jumatatu utawafunza wahadhiri wapya wa mwaka wa kwanza, na kila mmoja atapewa kijitabu changu cha vikwazo vya wanafunzi katika utangulizi wa takwimu. Ukasema hujaona mwalimu mwingine anayejua hivyo mahali hasa mwanafunzi anapokwama. Ukanitajia yule binti wa ukurasa wa pili, anayeuliza kwamba kama kila kaya ina wastani wa watoto wanne nukta sita, huyo wa nukta sita analala wapi. Darasa lako hucheka, ukasema, halafu huelewa. Ukaniomba dibaji.

Dibaji hiyo siwezi kuiandika.

Wiki iliyopita mpwa wangu Noa alikuja kutoka Maramba. Alinisimulia habari za muuza mbegu wa huko ambaye watu humwita Profesa kwa kejeli. Wanafunzi wa sekondari hujaa dukani kwake jioni, naye huwapangia punje za mahindi juu ya kaunta na kuwafundisha wastani. Aliposikia Noa ni wa kwetu, alimuuliza kama Mwalimu Mhina yu hai bado. Noa akataka kujua kama namfahamu. Nikajibu simfahamu. Sasa geti likigongwa navuta shuka mpaka kichwani, na Praxeda anadhani ni homa.

Namfahamu, Ritha. Anaitwa Asheri Shekalage. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka mingi kabla hujafika chuoni. Unakumbuka sheria yangu: aliyeuliza kwa Kiswahili alisimama mpaka kipindi kiishe, nami nilimwambia hapa si gengeni. Asheri alisimama mara nyingi. Baada ya kipindi aliwakusanya wenzake ukumbini, akawauliza kila mmoja amekwama wapi, akaandika.

Katika mtihani wa mwisho swali moja alilijibu kwa Kiswahili. Jibu lilikuwa sahihi; nililisoma mara mbili. Nikampa sifuri. Alama mbili zikampungukia, akadisko, chuo kikamwondoa. Alikuja ofisini kunisihi, akaniletea daftari lake nione kwamba anaelewa. Nikamwambia aniachie nilisome. Alirudi mara tatu kulidai. Mara ya tatu nikamwambia limepotea.

Kijitabu chote ni daftari lile. Nilichofanya ni kutafsiri kwa Kiingereza na kuweka jina langu.

Wewe unajua vikwazo thelathini na tisa. Asheri aliandika arobaini. Cha mwisho nilikiacha, kwa sababu kilinihusu. Aliandika hivi: “Kikubwa kuliko vyote, tunamwogopa. Akituuliza kama tumeelewa, tunasema ndiyo.”

Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Ningeweza kulichoma, na mara moja nilimwomba Praxeda kiberiti. Naogopa kufa nalo chini ya godoro, na naogopa vilevile kuwa hai siku utakapolifungua. Nakuomba usigawe kijitabu Jumatatu kikiwa na jina langu. Nenda Maramba kwanza, umrudishie mwenyewe, umuulize kama anakubali kisomwe, na kwa jina gani. Akikataa, basi. Akitaka kuja kwangu, mlete. Mwambie sitamwambia Noa tena kwamba simfahamu.

Wasalimie wa nyumbani kwako. Praxeda anakusalimu sana. Haya hajayajua, nitamwambia barua ikishatoka, nikiwahi. Ukinijibu, usinionee huruma.

Ni mimi niliyekuwa mwalimu wako,
Edgar Mhina