Majirani Wote Ndani ya Simu Moja

Leeds, Uingereza

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Goti lako linaendeleaje? Limekubali kushuka mtoni? Mimi ni mzima, ila baridi inaniuma vidole, na wazee ninaowatunza hapa kazini wananicheka nikivaa soksi mbili mbili.

Barua hii unaletewa na mwenzangu wa Muthetheni anayekuja likizo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu utanikatiza kabla sijafika mwisho, na wewe mwenyewe unajua hivyo.

Ni habari ya bwawa letu la mchanga, ule ukuta wa mawe wa kuzuia maji mtoni. Unakumbuka ule mfuko wa mtandaoni nilioandikisha kikundi chenu. Hauna bosi. Watu wa nchi nyingi huweka sarafu za kidijitali pamoja kwa ajili ya kazi za jamii, kisha kila kazi hugawiwa fedha kulingana na idadi ya watu walioichangia, hata wakitoa kidogo. Ndiyo maana niliomba majirani wachange. Wewe ukakusanya, ukaandika majina yao na kutuma yote kwa simu yako.

Juzi wakaguzi wa mfuko waliniandikia. Waliona majina mengi yametoka simu moja, wakashuku ni mtu mmoja anayejifanya kijiji. Nilipokuuliza ulinijibu, "Kwani nitume mara ishirini nikatwe mara ishirini? Hayo makato si ni simiti?" Nilicheka, halafu nikawaandikia wakaguzi.

Kwa desturi yetu hukukosea. Niliwaeleza kwamba kwenye mwethya, tunaposaidiana kazi, asiyeweza kufika hutuma mawe yake kwa jirani. Walisema wameelewa, lakini swali lao ni moja: je, kila mtu alituma mwenyewe? Nikisema ndiyo, bwawa linajengwa lote kabla ya mvua. Wala hakuna ambaye angekuja huko kwetu Kalama kuhakikisha.

Nilikaa na swali hilo siku nzima, nawalisha wazee uji huku mawazo yangu yako mtoni. Nikakumbuka siku Mama Kioko alipotuma mawe, na karani wenu akataka kumwandika kama aliyefika. Ulikataa. Ulisema, "Mawe yamefika, yeye hajafika. Andika mawe."

Basi nikawajibu hapana, ni simu moja, ya mama yangu. Sasa nyote mmehesabiwa kuwa mtu mmoja. Imeniuma sana, Mwaitu, na najua itakuuma wewe zaidi.

Lakini ukipata barua hii, mchango utakuwa bado wazi. Ulichotuma utarudishiwa, makato yakiondolewa. Kila jirani atume kwa simu yake. Ndiyo, atakatwa pale pesa zinapogeuzwa sarafu, na kikundi kitakatwa tena sarafu zikigeuzwa shilingi. Waambie mapema wasije wakadhani kuna aliyekula.

Na lile wazo lako kwamba pesa zipitie kwangu, hapana. Nimeuliza mtu anayejua kodi za huku, akasema zikiingia kwa jina langu zinaweza kuonekana ni mapato yangu. Ziingie akaunti ya kikundi, ile yenye sahihi tatu, na mweke risiti. Nendeni pia mkaulize ofisi ya kodi pale Machakos mjini, msiniamini mimi tu. Mimi niliyewaandikisha siruhusiwi kuchanga hata senti. Hilo nalo linanisumbua, maana maji hayo ndiyo yaliyonilea.

Nisalimie baba, fundi wetu wa mawe, na kaka yangu Mutua, ambaye najua atabishana na makato mpaka simu izime.

Halafu susu, nyanya yangu. Hana simu wala haitaki, kwa hiyo mfuko hautamhesabu kamwe. Zile shilingi alizokufungulia kutoka kwenye leso zinunulie simiti moja kwa moja. Mwambie mimi nimesema yeye hajafika, lakini mawe yake yamefika. Uyaandike.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mwikali