Bibi Robi, Mwenye Mji Wetu na Mfuaji wa Misioni

Mwaka umezunguka, Bibi Robi, na masika yamerudi bila sauti yako ikimgombeza jogoo alfajiri. Ulitutoka mwezi wa nne mwaka 1953, hapa kwetu njia ya Butiama, na kengele ya misioni haikupigwa. Jina lako halisomwi katika misa ya marehemu. Basi sisi tunalisoma hapa.

Wasiokujua wajue. Hukujaliwa mtoto. Mumeo alipofariki, ulitoa ng'ombe wako mwenyewe ukamwoa mama yetu, Wankuru, kwa desturi ya kwetu ya mwanamke kumwoa mwanamke, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yako, nyumba isizimike. Watoto hao ndio sisi, Justina na Magige. Hatukulala njaa, na hakuna aliyethubutu kutuita watoto wa barabarani ukiwa karibu.

Kila alfajiri kengele ya kwanza ya misioni ilikukuta njiani, karai kichwani. Ulifua mashuka ya mapadri na vitambaa vya altare, ukavitia wanga wa muhogo uliouchuja mwenyewe, ukavipiga pasi ya mkaa mpaka vikasimama kama ubao. Ulikuwa ukisema juu ya Padri Bernado, "Kiswahili chake kimekunjamana, lakini kola yake, itazameni!" Naye alisikia, akacheka, akaishika kola.

Salum, mwuza sabuni wa Nyasho, alikuwa hapiti bila kukuchokoza. "Bibi, hawa wazungu wanakusumbua kwa mke mmoja? Njoo kwetu, wanne ruhusa!" Ukamjibu huku unakamua shuka, "Huyu mmoja akianza kusema nakimbiliaga shambani. Wanne si nitahamia Kibara? Lete sabuni, na usinipunje."

Ulicheka, Bibi, lakini tulikuona Jumapili. Kanuni ilikuwa kwamba hubatizwi mpaka umfukuze Wankuru. Mahubiri yakiisha, wasiobatizwa walitoka nje. Wenzako waliofundishwa pamoja nawe walibatizwa, wakabaki ndani. Wakaja wengine, nao wakabatizwa, wakabaki. Sisi wenyewe tulibatizwa shuleni, tukabaki ndani. Wewe ulitoka. Ulikaa chini ya ukuta, upande wa jua, miguu umeinyoosha, ukifuata nyimbo kwa midomo tu, usije ukaambiwa unasumbua. Na kila Pasaka ulifua na kunyoosha nguo nyeupe za watakaobatizwa. Hakuna hata moja iliyokuwa yako.

Ulifua za wenzio, nguo zao za Pasaka,
Kengele yenye mlio, ikilia unatoka,
Nyumba ndiyo kimbilio, jina lake ukashika,
Robi, tupo wana wako, mlango haujafungwa.

Ulipoishiwa nguvu, Padri Bernado alikuja kwa miguu katika matope, chupa ya maji ya ubatizo mfukoni. Aliinama kitandani kwako, na sote tulikuwapo.

"Robi," alisema, "neno moja tu. Sema Wankuru si mke wako. Nitakubatiza sasa hivi."

Tulijua jinsi ulivyoyataka maji yale. Mama yetu alikuwa amesimama mlangoni, na alisema kwa sauti ndogo, "Sema, Robi. Sema tu. Mimi sitakasirika."

Ukamwuliza Padri, "Nikisema hivyo, hawa watoto wanakuwa wa nani?"

Padri alitugeukia, akatutazama mmoja mmoja.

"Basi kaa, Baba," ulimwambia. "Wankuru, mpe uji. Ametembea mbali."

Aliunywa uji wote, machozi yanamtoka, akaondoka na chupa yake. Hatumchukii. Lakini hatutasema kwamba ilikuwa haki, maana haikuwa.

Tulikuzika mbele ya nyumba yako, mahali anapozikwa mwenye mji, mkuu wa nyumba. Siku hizi Jumapili tukitoka misani hakuna anayetungoja ukutani, na njia ya kurudi imekuwa ndefu. Karai lako limefunikwa kando ya mlango. Mama bado anapakua sahani yako, kisha anakumbuka, anarudisha chakula chunguni.

Tulipoandika tangazo hili, Katekista Stanislausi alitushauri kwa upole kwamba mama yetu aandikwe "mkwe wa marehemu" au "jirani", watu wa misioni wasikwazike. Tulimwuliza mama mwenyewe. Alikuwa anapepeta ulezi, na ungo haukusimama.

"Yeye aliulizwa akiwa anakufa, akakataa kunikana," alisema. "Mimi ni mzima, nimkane gazetini? Andikeni kama nilivyo."

Tumeandika. Maadamu nyumba hii ina mtu, wewe una wa kukukumbuka:

Justina na Magige, watoto wa nyumba ya Robi;

na Wankuru, mke wako.