Kitanda Kimoja kwa Hai

Kichochoro cha Nyuma ya Soko,
Cai Khe, Can Tho.
9 Septemba 2018

Mpendwa mwanangu Quyen,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako Ut. Hujambo wewe? Mumeo Trygve hajambo? Na mjukuu wangu Khoi bado anakohoa? Huko Oslo najua baridi imeshaanza kubisha hodi, kwa hiyo mvalishe soksi hata kama anazivua. Na kaka yangu je, anakula? Akikataa wali mpe uji wenye tangawizi nyingi, huo hajawahi kuukataa tangu tukiwa watoto. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua mvua ikitaka kunyesha, na msimu huu inataka kila siku.

Mto umejaa. Wale samaki wadogo wa mafuriko wameingia sokoni, na juzi niliwapika kwa ukwaju na maua ya manjano kama alivyokuwa akipenda baba yako. Nikala fungu langu, kisha nikala na lake.

Sasa tuje kwenye kazi uliyonipa. Uliniomba nimtafutie baba yako mahali pa kukaa karibu na maji, pasipo na ngazi nyingi, maana anataka kuuona mto wake tena kabla hajafumba macho. Ukasema mtakuja wawili, wewe na yeye, kwa mwezi mmoja. Nilipokuambia njooni kwangu, ukajibu hutaki kunisumbua. Jibu lile halikunishuka vizuri kooni, maana tangu lini ndugu akawa usumbufu? Lakini nilivaa kofia yangu, nikaenda kutafuta.

Nilianza na ile nyumba ya wageni ya Ninh Kieu uliyonitumia picha yake, yenye dirisha lililojaa maji na boti. Nilimwomba mwanamume wa mapokezi anionyeshe dirisha hilo hilo. Akanipeleka kwenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

"Mto uko wapi?" nikamuuliza.

"Ukipanda darini utauona, mama."

"Na picha mliipigia wapi?"

"Darini, mama."

Angalau hakunidanganya mara mbili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kimetembezwa mpaka Oslo.

Nikaenda Cai Rang kwa bwana mmoja anayeitwa Phat. Nyumba nzuri, uwanja umefagiliwa, na vyungu vya maua vimepangwa mstari mmoja sambamba na ukingo wa mto. Nikajiuliza, ni nani anayepanga maua katikati ya uwanja badala ya mlangoni? Nikasukuma chungu kimoja kwa mguu. Chini yake kuna ufa ambao mkono wangu ungezama mpaka kiwiko. Unajua jinsi mto unavyokula ardhi upande ule. Mwaka jana ulichukua jiko la mtu pamoja na sufuria zake.

"Huo ni ufa wa kiangazi tu, bibi," akasema Bwana Phat.

"Kiangazi gani, nawe umesimama kwenye matope?"

Akacheka, nami nikacheka. Nikaondoka kwa kukanyaga mbali na vyungu.

Basi akabaki yule Bi Bay wa Binh Thuy, ambaye namba yake ulinipa mwenyewe, ukasema rafiki yako ndiye aliyekuelekeza. Kwenye simu alikuwa mtamu kama maji ya muwa. Alisema chumba kiko tayari kwa hai. Nikaelewa hai ya kuhesabu, yaani mbili, kwa watu wawili kama ulivyoniambia.

Nilikwenda Jumanne asubuhi bila kumpa taarifa, maana ukitaka kuijua nyumba ya mtu, ingia kabla hajafagia. Ilikuwa imefagiliwa. Kibaraza kinatazama mto, na hakuna ngazi. Matunda ya madhabahu ya wazee wake waliotangulia ni ya kweli, si yale ya plastiki. Nilifunua hata mtungi wa maji ya kunywa nikanusa. Kadiri nilivyokosa kuona kasoro ndivyo nilivyozidi kumshuku. Wenye nyumba hapa wanawakimbia wazee wagonjwa, kwa sababu mgeni akikata roho chumbani, nani atapanga tena chumba kile? Wengine niliowapigia simu walinikatia mara nilipotaja umri wa baba yako. Huyu alifurahi. Kwa nini afurahi?

"Dada, mbona unachungulia hivyo?" akaniuliza. "Umepoteza nini humo?"

"Natafuta unachokificha."

"Mimi huyu nifiche nini? Ingia chumbani ujionee."

Nikaingia. Kulikuwa na kitanda kimoja tu, chembamba, kimewekwa kando ya dirisha. Nikageuka kuufunga mlango nijaribu kitasa, nikaona komeo liko upande wa nje.

"Hapa watalalaje watu wawili?" nikamwambia. "Mtu na binti yake, kitanda kimoja?"

"Wawili gani?"

"Si ulisema ni kwa hai?"

"Nilisema ni kwa Hai! Bwana Hai! Mpwa wako ndivyo alivyoniambia, ni Hai wao, anakuja kukaa. Binti anamfikisha, kisha anarudi kwake."

"Na komeo la nje ni la nini?"

Hapo akateremsha sauti, akanishika mkono. "Si mpwa wako amesema mzee anatembeatembea usiku? Usiogope, dada. Mimi wazee nimewazoea. Huyu ni wa tatu."

Quyen, wewe umekulia huko, pengine hujui neno moja limefanya nini. Huku kusini hakuna mtoto anayeitwa Wa Kwanza, tukihofia pepo anayemchukua wa kwanza. Mzaliwa wa kwanza tunamwita Hai, yaani Mbili, na mimi kitinda mimba ndiye Ut. Ulimtaja baba yako kwa Bi Bay kwa jina lake hilo la nyumbani. Bi Bay akanirudishia jina hilo, nami nikahesabu watu wawili, mmoja wao wewe.

Nilirudi nyumbani nikiwa siwashuku tena wenye nyumba. Nilikaa nikikumbuka kila nilipokuuliza mtarudi lini nawe ukanijibu, "Tutaona, shangazi." Mimi uliniambia baba yako husahau miwani tu. Bi Bay ulimwambia hutoka usiku na hajui njia ya kurudi. Mgeni amepewa habari za kaka yangu, mimi nikapewa habari za miwani. Imeniuma sana, mwanangu. Nimelia mbele ya wauza samaki.

Kama nimekosea, nipigie unitukane, nitafurahi kutukanwa.

Kama sijakosea, nisikilize. Sikulaumu kwa kuchoka. Nilimuuguza bibi yako mpaka mwisho, najua mtu anavyoweza kumpenda mama yake na bado akajificha chooni ili asisikie akiitwa. Bi Bay naye si mtu mbaya, nilimshuku bure. Lakini kumwambia mzee anakwenda kuutazama mto, halafu wewe unaondoka na yeye anabaki akigonga mlango akikuita, hilo siwezi kulipeleka mbele ya wazee wetu nikaliombea radhi. Mficha uchi hazai, Quyen. Ungeniambia.

Chumba cha Binh Thuy nimekikataa. Cherehani yangu nimeihamishia jikoni, na chumba cha mbele ni cha kaka yangu. Mto hauonekani kutoka hapa, kwa hiyo tutaufuata kwa miguu, yeye na kumbukumbu yake, mimi na goti langu. Mlango wangu hauna komeo kwa nje na sitaliweka. Akitoka usiku, majirani wa kichochoro hiki hawalali, na wote ni wambea.

Ila nina sharti moja. Mwambie mwenyewe, huko huko, kabla hamjapanda ndege, kwamba utarudi bila yeye. Mwambie ukimtazama usoni. Akisahau, mwambie tena. Akikataa kuja, usimlete.

Msalimie Trygve, mbusu Khoi, na binamu yako Loan mwambie kitambaa chake kimefika salama. Jirani yangu Bi Tam anakusalimu. Wazee wetu wakusimamie katika neno hili gumu na wakupe ulimi mwepesi.

Baba yako simsalimii katika barua hii. Mwambie kwanza, kisha mpe simu nimsalimie mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Ut Lanh