Kioo Kilichoficha Pafu la Mama

S.L.P. 61,
Molo.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Weldon,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Unaendeleaje? Mgongo umepata nafuu? Watoto nao wamezoea shule mpya? Sisi tuko salama, na hilo neno naliandika nikimshukuru Mungu, kwa maana juma lililopita nisingethubutu.

Mama alipigwa teke na ng'ombe akikamua. Alisema ni uchungu wa kupita tu, lakini kabla ya chakula cha mchana alikuwa anatamka maneno mawili, anatulia kutafuta pumzi. Nikampeleka kliniki hapa mjini, akapigwa eksirei.

Daktari Ndegwa aliketi kutazama picha. Kioo cha kompyuta kilikuwa juu ya kabati, kwa hivyo alikitazama kutoka chini. Akasema, "Ubavu mmoja una ufa. Mapafu yako sawa. Atumie dawa ya maumivu, aende nyumbani."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Pale alipoona weusi mtupu, mimi niliona mstari mwembamba kama uzi. Nikiinama, unapotea. Nikisimama, unarudi.

"Samahani, daktari. Hebu simama hapa nilipo."

Alisimama. Akainama, akasimama tena. Uso wake ukabadilika. "Sijui kama ni kifua au ni hiki kioo kinanidanganya," akasema. Nikageuka kumtazama Mama kwenye benchi. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya samawati.

Tulikimbia na picha kwenye flashi hadi kwa Sue, anayetoa dawa hapo hapo kliniki, kwa sababu laptop yake ina kioo kizuri. Mstari ulikuwepo, ukitazama wima au kwa upande. Pafu lilikuwa limetoboka, hewa ikavuja na kulibana. Daktari hakungoja nimuulize chochote. Alimtoboa Mama kifuani akaingiza mrija wa mpira, na Weldon, niliisikia ile hewa ikitoka. Ndipo ambulensi ikampeleka Nakuru.

Baadaye nilimuuliza Jonah, yule fundi wa kompyuta wa Elburgon. Kile kioo ni aina ya TN: cha bei rahisi na chepesi kubadili picha, lakini ukikitazama kutoka chini mistari iliyo kwenye weusi inamezwa, na kutoka juu inafifia. Ziko aina nyingine: VA ina weusi mzito, ila vivuli vidogo vinaweza kuzama humo. IPS, kama kile kioo cha Sue, rangi zake hazihami ukisogea, ingawa weusi wake una ukijivu kidogo. OLED ina weusi kamili, lakini picha ikikaa muda mrefu inaweza kuacha alama. Alisema picha za wagonjwa zina vioo vyake maalumu. Kliniki wamekiondoa kile cha kabatini.

Mama alirudi Ijumaa. Jana Daktari Ndegwa alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama, siku ile nilikuwa nakurudisha nyumbani ufe," akasema.

Mama alimtazama. Kisha akasema, "Cheruto, sogeza kiti. Mgeni amesimama." Akamimina chai kwa mkono wake mwenyewe, hakukubali nimsaidie.

Nisalimie shemeji Natalie na watoto. Shangazi Chepngeno na mwanawe Kiptum wanakukumbuka. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe ukute sote tuko.

Dada yako akupendaye daima,
Cheruto